Likizo niliyookota mifupa

Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye daladala inayokwenda Makumbusho. Konda kaning'inia mlangoni, anaita kwa sauti iliyokauka: "Makumbusho, Makumbusho, wawili wa kusimama!" Mbele yangu alikaa baba mmoja na binti yake wa kama miaka sita. Mtoto akauliza, "Baba, Makumbusho ni nini?" Baba akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Kituo."

Nilicheka kimoyomoyo, halafu nikaacha. Kwa watu wengi wa Kinondoni hilo ndilo jibu. Kituo kimechukua jina la Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 pembeni ya barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii. Maelfu ya watu hushuka hapo kila siku kubadilisha gari, na wengi wetu hatujawahi kuingia getini. Lakini neno lenyewe linatokana na kukumbusha, na siku ile lilinikumbusha deni.

Deni hilo ni la mwaka 2017. Ninyi wasomaji wangu mnanijua kama mwandishi wa habari, mtu wa kalamu na kinasa sauti. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo niliwahi kuwa mwokota mifupa. Sitanii. Likizo nzima nilifanya kibarua cha kuokota mifupa iliyogeuka mawe, halafu nikakaa ghalani kuiandikia namba.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana kawaida ya wanafunzi kutafuta kazi majira ya joto vyuo vinapofungwa. Sisi joto tunalo mwaka mzima, hatulihesabu. Tulichonacho ni kiangazi. Chuo kinafungwa Julai, na ndiyo miezi hiyo hiyo nyasi zimekauka, mito imebaki mchanga mtupu na ardhi inaonekana vizuri. Kwa hiyo watafiti wa mifupa ya kale huingia porini wakati wanafunzi wanarudi nyumbani kulala. Mungu akupe nini tena?

Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nasoma uandishi wa habari. Mwenzangu wa hosteli alikuwa anasoma akiolojia, naye alipata nafasi kwenye timu moja ya watafiti iliyokuwa inakwenda Mkoa wa Lindi. Siku nne kabla ya safari mwanafunzi mmoja wao akaugua malaria. Wakatafuta mtu wa kuziba pengo: awe na mwandiko unaosomeka, na asichague kazi. Mwandiko ninao. La pili nilidanganya.

Nyumbani kwetu ni Tandika, Temeke. Nilipomweleza Mama aliweka mwiko chini. "Yaani nimeuza vitenge miaka yote hii usome mpaka chuo kikuu, halafu uende kuokota mifupa?" Nikamwambia ni mifupa ya wanyama waliokufa miaka milioni 150 iliyopita. Akasema, "Hata kama. Hapa ndani usilete." Baadaye niliposema kuna posho ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku, akanyamaza, akanifungia karanga.

Mtu wa Temeke kwenda Lindi haendi ugenini. Mabasi ya kusini yanapitia Mbagala, na nusu ya mtaa wetu ni watu wa huko: Wamwera, Wamakonde, Wayao. Barabara ni lami, Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na ile safari ambayo majirani zetu walikuwa wakiisimulia kama vita, ya kulala njiani masika, sasa ni ya siku moja. Nilipita nikiwa na karanga zangu, najiona mtafiti.

Kazi yenyewe haikuwa kama sinema. Asubuhi mnajipanga mstari, kila mtu na hatua zake, mnatembea polepole macho yakiwa chini. Ndivyo hivyo mpaka saa tano jua linapokuwa kali. Mfupa wa kale haukai pale umeandikwa "mimi ni mfupa". Unafanana na jiwe, kwa sababu umekuwa jiwe: maji ya ardhini yamepenya kidogo kidogo na kuacha madini kwenye vitundu vyake. Namna mojawapo ya kujaribu ni kuulamba. Vitundu vikiwa vimebaki, unanata kwenye ulimi, na jiwe la kawaida mara nyingi halinati. Nimelamba mawe ya Lindi mengi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya Mama.

Ukipata kitu, usikiokote. Hilo ndilo somo la kwanza. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa ulikuwa wapi, kwenye tabaka gani, umelala kuelekea upande gani, umepoteza nusu ya maneno yake. Kwanza unapimwa, unapigwa picha, unachorwa. Halafu unachimbuliwa kwa sindano, brashi na subira. Kama ni dhaifu unafunikwa karatasi za chooni zilizoloweshwa, juu yake bendeji za plasta, zile zile za kumfungia aliyevunjika mguu. Udongo unaobaki unachekechwa, maana meno ya wanyama wadogo hupotelea humo. Na hakuna kuchukua ukumbusho: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na hata watafiti wenyewe huingia kwa kibali.

Timu ilikuwa imeajiri vibarua sita wa kijijini. Mmoja alikuwa mzee wa kama miaka sitini, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyochujuka. Wote tulimwita Mjomba. Siku ya tisa tulikuwa tumemaliza kipande kimoja cha korongo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mahali pale mara tatu. Mjomba alikuwa nyuma amebeba ndoo. Akachuchumaa. Hakugusa. Akaniita, "Mpwa wangu, hebu njoo. Hili jiwe rangi yake si ya hapa."

Nilipoinama sikuona kitu. Akanionyesha kwa kijiti: duara lenye rangi ya chai ya maziwa, limechomoza kidogo tu. Ilichukua siku mbili na nusu kulitoa. Lilikuwa pingili ya mkia, kubwa kuliko kopo la maziwa ya unga. Ya mnyama gani hasa, wataalamu walianza kubishana palepale, na nilipoondoka walikuwa bado wanabishana. Kiongozi wa timu alimpa Mjomba mkono, picha zikapigwa, jioni tukala kuku.

Usiku ule, tumekaa nje, Mjomba aliniuliza: "Na jina langu mtaliandika?"

Nikamwambia, "Tutaliandika, Mjomba. Mimi ndiye ninayeandika." Nikatoa daftari langu, nikaandika majina yake matatu mbele yake kwa mwanga wa simu. Akatikisa kichwa, akaridhika. Kisha akasema kitu ambacho nilikichukua kama hadithi tu za wazee: kwamba babu yake naye alibeba mifupa hii hii, akaipeleka Lindi bandarini kwa kichwa, na hakuna mahali jina lake limeandikwa.

Niliporudi Dar ndipo nikasoma. Kilima cha Tendaguru kiko humo humo Mkoa wa Lindi. Vitabu vinamtaja mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, kuwa ndiye aliyeona mfupa mkubwa hapo mwaka 1906, kana kwamba wenyeji waliokuwa wakilima na kupita hapo hawakuwa na macho. Kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji mkubwa, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig. Angalieni tarehe. Vita vya Maji Maji vilipiganwa mwaka 1905 mpaka 1907, na Lindi ilikuwa ndani ya vita hivyo. Mashamba yalichomwa, njaa ikaua watu wengi. Miaka miwili baadaye wanaume wa eneo lile lile wakaajiriwa kuchimba mifupa. Katika misimu mikubwa walifika karibu 500.

Kwa jumla ziliondoka zaidi ya tani 200. Hakukuwa na gari wala reli kutoka Tendaguru hadi Lindi. Kulikuwa na vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, mizigo zaidi ya elfu nne. Mifupa mingine ilifungwa kwenye mapipa ya mianzi, na baadhi ya mapipa hayo yalikaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa. Mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao ukasimamishwa ukumbini: Giraffatitan, urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani.

Siku hizi tunawacheka ndugu zetu walioko ughaibuni kwamba wanabeba boksi. Jamani, kubeba boksi la Mzungu hatukuanzia ughaibuni. Tulianzia Lindi.

Na kibarua cha mwanafunzi kwenye mifupa nacho hakikuanza na mimi. Mwaka 1924 jumba la makumbusho la Uingereza lilituma timu yake Tendaguru, ikiongozwa na William Cutler. Cutler hakuijua Afrika, hivyo wakamwajiri kijana mwanafunzi wa Cambridge aliyekuwa ameumia kichwa kwenye mchezo wa raga na kutakiwa kupumzika masomo. Kijana huyo alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, na Kiswahili alikijua. Jina lake Louis Leakey. Alikaa miezi kadhaa, akajifunza kuchimba, akarudi chuoni. Cutler alibaki, na mwaka 1925 akafa kwa homa huko huko Lindi. Miaka 35 baada ya kibarua kile, tarehe 17 Julai 1959, mke wa Leakey, Mary, aliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, na jina la Leakey likaingia kwenye vitabu vya shule zetu. Mwanafunzi aliyeandikwa jina tangu siku ya kwanza alifika mbali. Waliombebea maji, nani anawajua?

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Baada ya siku ishirini za porini tulirudi Dar, nami nikapewa wiki tano za kazi ya ghalani. Ghala lenyewe silitaji. Watu wake walinipokea vizuri, na kosa ninalolisema ni langu. Kila asubuhi natoka Tandika, nabanwa kwenye daladala mbili, nafika, navaa glavu. Kazi ya utunzaji wa makumbusho wengi hudhani ni kupangusa vumbi kwenye kabati za vioo. Sivyo. Unachagua mahali pasipo na umuhimu kwenye mfupa, unapaka tone la vanishi isiyo na rangi, ikikauka unaandika namba kwa wino na kalamu nyembamba kama sindano, kisha vanishi tena juu. Namba hiyo hiyo inaingia kwenye kadi, kwenye rejista na kwenye kompyuta. Bila namba, mfupa ni jiwe. Namba ndiyo inayourudisha korongoni, kwenye tabaka lake, kwenye siku yake.

Kadi ilikuwa na vyumba: namba, mahali, tarehe, maelezo, kipimo. Na kimoja kimeandikwa "Mkusanyaji".

Nilipofika kwenye ile pingili ya mkia nilisimamisha kalamu. Daftari lenye majina matatu ya Mjomba lilikuwa kwenye begi miguuni pangu. Nikamuuliza aliyekuwa ananisimamia niandike nani. Akasema, "Andika timu, ndiyo tulivyoandika zote." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na kadi mia mbili za kumaliza kabla ya Ijumaa, na mimi nilikuwa nataka barua ya kuthibitisha kwamba nimefanya kazi vizuri. Ningeweza kusema, "Lakini huyu aliiona mtu mmoja, na jina lake ninalo." Maneno kumi hayafiki. Sikuyasema. Nikaandika: Timu.

Barua niliipata. Ina muhuri na imepambwa vizuri. Mama aliiweka kwenye fremu.

Mwaka 2019 nikaanza kazi kwenye gazeti moja, kwa malipo ya kwa habari. Habari yangu ya kwanza nzito niliihangaikia siku nne kwenye matope ya mafuriko, nikapiga watu simu mpaka vocha zikaisha. Asubuhi nikaamka mapema kununua gazeti. Habari ipo, ukurasa wa tatu, maneno yangu yote yapo. Juu yake: "Na Mwandishi Wetu."

Nilikaa kibarazani na lile gazeti. Mwandishi wenu ni nani? Nilikuwa na hasira ya kweli, ile ya kukaba koo. Na katikati ya hasira hiyo, bila kuitwa, ikaja ile kadi. Mkusanyaji: Timu. Mwandiko wangu mwenyewe, unaosomeka.

Mwaka huo huo wanasayansi walitangaza dinosaria mpya kutoka bonde la Rukwa na kumpa jina la Kiswahili kabisa: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, kwa ajili ya mto alikopatikana, na moyo wa mkia, kwa sababu pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Mwaka 2017 kulikuwa na Shingopana. Mwaka 2010 kulikuwa na Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo mwenye meno kama ya paka, aliyepewa jina kumkumbuka Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilifurahi, nani asingefurahi? Lakini nilianza kutafuta majina ya aina nyingine, ya watu waliobeba ndoo.

Yapo, machache. Msimamizi mkuu wa wafanyakazi wa Tendaguru aliitwa Boheti bin Amrani, aliyejifunza pia kuitayarisha mifupa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2007, karibu karne moja baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Kenya wana Kamoya Kimeu, aliyeanza kama kibarua kwa akina Leakey, akaona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron hapa kwetu mwaka 1964, na mwaka 1984 akaona mfupa wa kwanza wa yule kijana maarufu wa Turkana. Alifariki mwaka 2022 akiwa na jina duniani. Hao wawili wanajulikana kwa sababu kuna mtu alikuwa na kalamu, akafika kwenye chumba cha "Mkusanyaji", na hakuwa na haraka.

Tunabishana sana kama mifupa ya Tendaguru irudi kutoka Berlin au isirudi. Bungeni imezungumzwa, vijiweni inazungumzwa, na mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alipokuja Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, ikazungumzwa tena. Ni mjadala wa haki, na mimi nina upande wangu. Lakini nashindwa kupaza sauti ya kudai mifupa ya babu yake Mjomba kutoka Ujerumani, wakati jina la Mjomba mwenyewe nimelipoteza mimi, Mtanzania, Dar es Salaam, mwaka 2017, nikiwa na daftari kwenye begi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, baada ya mtoto na baba yake kushuka, nilirudi Tandika nikalitafuta daftari. Lilikuwa kwenye sanduku la Mama, chini ya vitenge. Namba ya mfupa nilikuwa nimeiandika pembeni, majina matatu yapo, na namba ya simu ya binti yake anayeishi Mbagala Rangi Tatu. Jumapili nikaenda. Binti yule alinipa kiti, akampigia baba yake, akaniwekea simu sikioni.

"Shikamoo, Mjomba. Ni mimi, mpwa wako wa mifupa."

"Marahaba! Nilijua umeshaoa ukanisahau." Akacheka. Nikamweleza yote, mpaka ile kadi. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Lile fupa lipo?"

"Lipo, Mjomba. Namba yake ninayo."

"Basi si neno. Nenda ukaandike."

Jumatatu nilipeleka barua ghalani: namba ya mfupa, tarehe, majina matatu, na kopi ya ukurasa wa daftari. Aliyeipokea aliisoma mara mbili, akasema kubadilisha rejista kuna taratibu zake, wataangalia. Nimeandika tarehe ya kurudi kuuliza. Nitarudi, na wakichoka na uso wangu nitarudi tena.

Ninyi wadogo zangu mlioko vyuoni, mnaotafuta pa kwenda likizo ijayo: Makumbusho ya Taifa hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na watu wa akiolojia wa Mlimani huenda porini kiangazi. Nendeni. Mtalamba mawe, mtapata chunusi za jua, posho itawatosha nauli. Ulizeni mapema kama ipo. Ila mkikabidhiwa kalamu, jueni mmekabidhiwa kitu kizito kuliko sururu.

Mtaniuliza mbona hata hapa jina la Mjomba sijaliandika. Nilimwomba ruhusa kwenye simu ile ile. Alijibu: "Hapana. Kwanza kwenye kitabu chao. Huko kwako baadaye."